Kinu cha Alasiri

Nyuma ya mlango wa jiko langu pana kopo la bati la maziwa ya unga ambalo kila anayekuja kunisaidia kazi hutaka kulitupa. Ukilifunua unapigwa na harufu ya pumba zilizokaa: vumbi, uchachu kidogo, na ile harufu ya gunia lililonyeshewa likakaukia ndani. Wiki iliyopita mke wa mwanangu alilibeba mpaka uani akawape kuku. Nilimwahi nikiwa na kandambili mguu mmoja. Alinitazama kwa adabu, vile wakwe wanavyowatazama wazee ambao akili zao zimeanza kuwa na mambo yake, akanirudishia kopo bila kuuliza.

Yeye hakuuliza, lakini nyinyi nitawaambia. Harufu ile ni ya mama yangu. Wako watu ambao mama zao walinukia asmini na marashi, na nawaonea wivu. Wangu alinukia pumba, na kila nikifunua kopo lile narudi kwetu Kisarawe, mwaka ule tuliohamishiwa kijijini.

Kabla ya kijiji tulikuwa tunaishi peke yetu upande wa Kurui, katikati ya mikorosho aliyoipanda babu. Jirani wa karibu ulikuwa unamjua kwa moshi wake tu. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi Esta, na mdogo wangu Danieli. Kwa kuwa mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, watu walimwita mama yetu Mama Esta. Alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani kwetu, mwenye sauti nzito ambayo hata akikuita kula ulihisi unaitwa mbele ya madhabahu.

Danieli alizaliwa mzuri mpaka wageni walikuwa wanatema mate pembeni wasimtie kijicho. Lakini hakuitika jina lake. Miaka ikapita, wenzake wakaanza kutukana na kusema uongo, yeye hajatamka hata neno. Ukimkumbatia alijikaza mwili mzima mpaka umwachie. Alipenda vitu viwili. Cha kwanza ni korosho: alizipanga mstari mmoja ulionyooka kutoka mlangoni mpaka jikoni, na ole wako upite uisogeze moja. Cha pili ni kinu. Kila alasiri mama alipotwanga makopa, ile mihogo iliyokaushwa juani, Danieli aliacha korosho zake, akaja kuchuchumaa, akalaza shavu kwenye ubavu wa kinu na kufumba macho. Mchi ukishuka ulikuwa unaona mtikisiko unavyompita mabegani.

“Mwacheni, anasikiliza redio yake,” baba alikuwa anasema, nasi tukicheka. Baba alikuwa bado anacheka wakati ule.

Mama alikuwa amejaribu kila mlango. Alimpeleka kwa mwinjilisti, akaombewa. Akampeleka kwa mganga pia, kwa njia ya nyuma ili wanakwaya wenzake wasimwone, akavalishwa hirizi ambayo Danieli aliitafuna siku hiyo hiyo. Bibi, mama yake baba, hakuhitaji mwinjilisti wala mganga. Alikuwa na jibu lake: mama alikalia kinu akiwa na mimba. Kwetu mwanamke hakalii kinu, huo ni mwiko unaoujua hata kabla hujajua kukaa vizuri, na bibi aliona ushahidi uko wazi, maana mtoto mwenyewe haachani na hicho kinu. Mama hakujibu. Mkwe hajibizani na mama mkwe. Aliinama akaendelea kupepeta, na mimi niliamini kwamba asiyejibu hajaumia.

Lori la kutuhamisha lilipokuja, kila nyumba ilipewa safari moja. Mama aliingiza kinu. Dereva akasema, “Mama, kijijini vinu viko vingi, pakia kitanda.” Mama akasema, “Kitanda tutatengeneza.” Kweli kitanda cha kamba kikabaki, na tulipofika kijijini tukiwa na gogo la mkongo lililotobolewa lakini hatuna pa kulala, watu walicheka sana. Nami niliona aibu nikajificha nyuma ya tenga la kuku wetu.

Nyumba za kijiji zilijengwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Ungedhani Danieli, mpanga mistari, angefurahi. Hakufurahi. Alikuwa akipiga kelele kuanzia asubuhi, rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti ilipogongwa kuwaita watu shamba la kijiji. Mama alimziba masikio kwa viganja vyake viwili mpaka ile kengele iishe kuvuma, na kwa ajili hiyo alichelewa shambani na kusemwa mbele ya watu. Mchana akigeuka kidogo tu, Danieli ameshaondoka kurudi kwenye mahame yetu. Tulimkuta amechuchumaa pale pale kinu kilipokuwa kikikaa zamani, shavu limelazwa hewani. Mama akaanza kujifunga naye kwa kanga, kiuno kwa kiuno. Usiku alitandika mkeka wake mlangoni, akakaa ameegemea mlango ili ukisukumwa ajue.

Mwezi haukupita baba akasema anakwenda Kibaha kutafuta kibarua. Alisema kwa upole, akanishika kichwa, akasema atatuma kitu. Alituma, siwezi kumsingizia: mche wa sabuni, kisha kanga, kisha salamu, kisha salamu nazo zikawa za sisi kuulizia. Baadaye tulisikia ana nyumba huko, na watoto wanaoongea.

Mvua za mwaka ule zikatukataa. Mahindi ya shamba la kijiji yakakauka yakiwa na urefu wa goti, mihogo ikaisha, na serikali ikaleta unga wa manjano tulioubatiza jina la yanga. Ugali wake ulikuwa na harufu ngeni, lakini njaa haichagui, tukaula tukautania na kuusifu. Danieli hakuugusa. Yeye alijua ugali mweupe wa muhogo tu. Mama akawa anakwenda kwenye mahame kufukua vimihogo vilivyosahauliwa na ngiri, akampikia hivyo hivyo, kidogo kidogo, na mtoto akazidi kukonda.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika. Unga wa yanga ulikuja umeshasagwa. Kijiji kizima hapakuwa na mtu mwenye kitu cha kutwanga. Vinu vilikauka, vingine kuku wakatagia ndani. Lakini saa ya Danieli ya alasiri haikujua habari za njaa. Jua likifika usawa wa paa la jirani, naye asikie kimya, alianza kugonga kichwa kwenye mwimo wa mlango, akagonga mpaka ngozi ikachubuka. Mama alijaribu kutwanga kinu kitupu, haikufaa, mlio wa kinu kitupu ni mwingine na Danieli aliujua. Ndipo akakumbuka pumba za mwaka uliopita zilizobaki kwenye kopo. Akazimwaga kinuni, akatwanga. Mlio ukatoka ule ule wa zamani, mzito, wa kinu chenye chakula. Danieli akaja akalaza shavu. Akimaliza, mama alizichota pumba, akazirudisha kwenye kopo, na kesho alasiri akazitwanga tena.

“Esta,” aliniambia, “mtu akikuuliza mama anatwanga nini, sema hujui.”

“Kwa nini, mama?”

“Mwanamke anayetwanga pumba watu wakiwa na njaa, wataniita mchawi au kichaa. Na wakishaniita hivyo mimi, mdogo wako watamwitaje?”

Nikanyamaza. Lakini kinu hakinyamazi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mwajuma, mwanamke mpana mwenye kicheko kinachosikika mpaka kisimani. Nyumba zilikuwa karibu kiasi kwamba ukikohoa kwetu, pole inatoka kwao. Yeye na watoto wake walikuwa wanalala na njaa wakisikia kila alasiri, ng'ambo ya ukuta wa udongo, mlio wa kinu kilichojaa. Ungekuwa wewe ungewaza nini? Kisimani wanawake wakaanza kunyamaza mama akifika. Kisha likaja neno kwamba Mama Esta ana makopa aliyoyaficha, anajishibisha na wanawe huku anajipanga foleni ya yanga na wenzake. Na kamati ilikuwa imeshatangaza: atakayekutwa ameficha chakula atatolewa kwenye mgao. Kwetu mgao ndio ulikuwa uhai.

Walikuja alasiri, kinu kikiwa kinalia. Aliyetangulia ni balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Kondo, mtu mpole aliyeona haya kuingia jikoni kwa mwanamke ambaye mumewe hayupo. Nyuma yake Bi Mwajuma, na nyuma ya Bi Mwajuma nusu ya kijiji.

“Hodi, Mama Esta,” Mzee Kondo alisema.

“Karibu, baba. Shikamoo.”

“Marahaba. Tumetumwa, mwanangu. Tunaomba tuangalie humu ndani, tusilaumiane.”

Mama aliweka mchi chini. Walipekua uchagani, wakapekua chungu, wakainua mkeka. Wakakuta yanga yetu iliyobaki, ndogo kuliko ya wengi. Danieli kwa kuona miguu yote ile, na kinu kimenyamaza katikati ya saa yake, akapiga ukelele ambao mpaka leo ukinijia nasimama nilipo. Akaanza kugonga kichwa kwenye ukingo wa kinu. Damu ikatoka.

Mama hakumtazama balozi wala mtu yeyote. Aliuinua mchi akatwanga. Du, du, du. Danieli akanyamaza palepale, akashuka taratibu, akalaza shavu lake lenye damu kwenye ubavu wa kinu, akafumba macho.

Bi Mwajuma alisogea. Mchi ulipopanda aliingiza mkono haraka kinuni, akatoka na konzi, akalifungua kwenye mwanga wa mlango. Zilikuwa pumba nyeusi, zimesagika mpaka zimekuwa vumbi. Akanusa.

“Mama Esta, hizi ni pumba.”

“Ni pumba.”

“Tena za zamani. Unatwangia nini pumba, shoga?”

Mama aliendelea kutwanga. Nilidhani hatajibu, kama alivyozoea kwa bibi.

“Nimechoka, Mwajuma,” alisema. “Silali. Nikilala anaondoka, nikinyamaza anajiumiza. Namwita mwanangu hanitazami. Mimi ni mama yake na sijui kama ananijua. Nimechoka.”

Alilia kwa sauti ile ile ya kwaya, mkono hauachi kutwanga. Mzee Kondo alivua kofia yake, akaivaa, akasema, “Basi, jamani, basi,” na kuwaondoa watu. Bi Mwajuma alibaki mwisho. Aliyarudisha yale mavumbi kinuni, akakung'uta kiganja mpaka hakikubaki kitu, akatoka bila kuaga.

Nyinyi mtanielewa nikisema kwamba mimi, mtoto wa miaka tisa, sikumwonea mama huruma siku ile. Nilimwogopa. Neno hilo la kuchoka sikuwahi kulisikia kinywani mwa mama yeyote kuhusu mtoto wake. Baba alikuwa ameondoka, na sasa mama amechoka. Nikapiga hesabu yangu ya kitoto nikaona tunaachwa. Kuanzia kesho yake nikawa namfuata kila mahali, kisimani, kwenye kuni, mpaka chooni nilimsubiri nje. Nilikichunguza kifurushi chake cha kanga kama kimefungwa au bado. Yeye alidhani namsaidia kazi, akanisifu.

Siku chache baadaye, alasiri, Bi Mwajuma aliingia amebeba mchi wake begani. Alisimama upande wa pili wa kinu, akasubiri mchi wa mama uinuke, akashusha wake. Kutwanga wawili kinu kimoja kwa kupokezana kunataka watu wanaoaminiana, maana ukikosea unamvunja mwenzio mkono. Mlio ukawa wa haraka mara mbili. Nikamtazama Danieli. Alifumbua macho, akatazama juu, mchi huu, mchi ule, kisha akacheka. Kicheko chake kilikuwa kigeni hata kwetu.

“Kalale,” Bi Mwajuma akamwambia mama. “Nipo mimi.”

“Utaweza peke yako?”

“Nimeolewa na mvivu, natwanga peke yangu miaka yote. Kalale, bibie.”

Mama alikwenda ndani akajilaza. Nilimfuata, kwa ile hofu yangu, nikamkuta hajitikisi, mdomo wazi, mkono umeanguka nje ya mkeka. Nilitoka mbio nikipiga kelele kwamba mama amekufa. Bi Mwajuma hakuacha kutwanga. “Hajafa, mwanangu,” alisema. “Mama yako amelala tu. Hujawahi kumwona amelala?” Nikasimama pale uani nikifikiri, nikagundua kwamba kweli, sijawahi.

Ningependa kuwaambia kwamba iliendelea hivyo. Haikuendelea. Mume wa Bi Mwajuma alirudi kutoka alikokuwa, akasikia mkewe anatwanga pumba za watu wakati wa njaa, akasema anaita mkosi nyumbani kwake. Mchi haukuja tena. Ila jioni moja moja Bi Mwajuma alikuwa anapitisha juu ya ukuta muhogo mmoja mweupe, sijui aliupata wapi, bila kusema ni wa nani. Mama akarudi kutwanga peke yake. Mvua zikanyesha, makopa yakarudi, watu wakasahau. Mama hakuwahi tena kulia mbele yetu, na mimi baada ya muda nikaacha kukagua kifurushi.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikajenga hapa Kibaha, si mbali na Kwa Mathias, mji ule ule baba alioukimbilia. Nikawaleta mama na Danieli, na kinu chao. Mama aliumwa sana mwaka wake wa mwisho. Alasiri alinitaka nimtoe uani, nimkalishe kwenye kiti, nitwange yeye akisikiliza macho amefumba. “Taratibu,” alikuwa anasema. “Usimkimbize. Hapo. Hapo hapo.” Sikumwelewa. Nilidhani mgonjwa anakumbuka nyumbani. Alipoona mkono wangu umekaa sawa na Danieli ametulia, shavu kinuni, hakuniomba tena kumtoa nje, na haukupita muda mrefu tukamzika.

Juzi juzi daktari kijana alimtazama Danieli, mzee mwenye mvi anayepanga vifuniko vya soda kwenye ngazi za hospitali, akasema mara moja: usonji. Akanieleza kwamba mtu huzaliwa nao, hausababishwi na mwiko wala kinu. Neno lenyewe fupi, akalitamka huku anaandika. Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi nikamlilia mama, aliyebeba maneno ya bibi mpaka kaburini kwa kukosa neno moja la kumjibu.

Na jana, mvua ilipokuwa inataka kunyesha na mgongo unaniuma, nilikuwa uani natwanga pumba zile zile za kwenye kopo. Nilijisikia nikisema, kwa sauti, bila mtu wa kunisikia: “Nimechoka.” Nikashtuka, nikasimamisha mchi hewani. Nilijichunguza kama nataka kuondoka. Sikutaka kwenda popote. Nilitaka tu mtu aingie getini na mchi begani, aniambie nikalale.

Basi kumbe ndicho alichokuwa anakisema. Mtoto wa miaka tisa alisikia mama anaaga, kumbe mama alikuwa anaita. Baba hakusema hata siku moja kwamba amechoka. Alisema anakwenda kutafuta kibarua. Mama ndiye aliyesema, na ndiye aliyebaki.

Danieli alikuwa amefumbua macho, ananisubiri, shavu kwenye kinu. Nikatwanga.